Kwa nini skripti inaiita Ijumaa Jumamosi?

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho wilayani Masasi, mkoani Mtwara. Nimeandika skripti (programu fupi) kwa lugha ya JavaScript inayotaja siku ya mnada pamoja na siku ya mwisho ya kuwalipa wakulima, ambayo katika chama chetu ni siku ya tano ya kazi baada ya mnada. Nilipoijaribu kwa tarehe 11 Oktoba 2024, ambayo ilikuwa Ijumaa, iliandika Jumamosi. Nikapunguza moja, Ijumaa ikakaa sawa, lakini sasa kila Jumapili hutokea neno undefined, na kwenye ripoti tarehe yenyewe imerudi nyuma ikawa 10 Oktoba. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu karani, skripti yako ina makosa mawili yasiyohusiana, na kule kupunguza moja kumelificha la kwanza bila kuliondoa.

Amri ya getDay hurudisha namba kuanzia 0 hadi 6, na 0 yake ni Jumapili, kwa hiyo Ijumaa ni 5. Bila shaka orodha yako ya majina imeanza na Jumatatu, na kwa kuwa nafasi za orodha nazo huhesabiwa kuanzia 0, jina lililo kwenye nafasi ya 5 ni Jumamosi. Ulipopunguza moja, siku sita zilipata majina yake, lakini Jumapili ikawa -1, nafasi ambayo haimo katika orodha, ndiyo maana hutokea undefined, yaani hakuna thamani. Kuchukua baki ya kugawanya kwa 7 nako hakutakusaidia, kwa sababu JavaScript hujibu kuwa baki ya -1 ni -1 ileile, tofauti na lugha ya Python inayojibu 6. Badala ya kupunguza 1, ongeza 6 kisha uchukue baki: (siku + 6) % 7, ambapo siku ni namba ya getDay na % ni alama ya baki.

Mimi napendelea kuipanga orodha kama Kiswahili kinavyolihesabu juma, yaani Jumamosi iwe ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano ya tano, na Ijumaa ifunge. Alhamisi isikutatize: jina lake la asili ya Kiarabu nalo lina maana ya tano, lakini hapa inakaa ya sita. Kwa mpangilio huo kanuni ni (siku + 1) % 7, na atakayeipokea skripti baada yako ataweza kuikagua kwa kusoma majina tu.

Kosa la pili linatokana na saa. Ukiandika new Date(2024, 9, 11), ambapo 9 ni Oktoba kwa kuwa miezi nayo huanzia 0, kompyuta iliyopo Masasi huelewa kuwa ni saa sita kamili usiku kwa majira ya Afrika Mashariki. Amri ya toISOString, inayoandika tarehe kwenye ripoti, huandika kwa majira ya UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na wakati huo huko bado ni saa tatu usiku ya tarehe 10. Ndiyo maana ripoti yako imerudi nyuma siku nzima. Kwa kuwa unachohitaji ni tarehe tu, bila saa, baki kwenye UTC tangu mwanzo hadi mwisho: ingiza tarehe kwa new Date('2024-10-11'), ambayo kwa mtindo huo husomwa kama UTC, tafuta siku kwa getUTCDay, na isogeze mbele kwa setUTCDate. Hapo toISOString itarudisha tarehe ileile uliyoingiza, hata skripti ikihamishiwa kwenye seva iliyoko Ulaya.

Malipo yanahitaji uangalifu zaidi, kwani hapo mkulima anaahidiwa fedha yake. Songa siku moja moja, na uihesabu siku pale tu ambapo si Jumamosi, si Jumapili wala si sikukuu. Kutoka Ijumaa ya 11 Oktoba 2024, skripti isiyojua sikukuu ingetaja Ijumaa ya 18; lakini Jumatatu ya 14 ilikuwa Siku ya Nyerere, kwa hiyo siku ya tano ya kazi ni Jumatatu ya 21. Sikukuu za tarehe maalumu, kama 14 Oktoba na 9 Desemba, ziandike mara moja tu. Idi hutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo iweke kwenye faili ambalo utalihariri kila mwaka.

Ukimaliza, ijaribu skripti kwa 9 Desemba 1961, iliyokuwa Jumamosi, 26 Aprili 1964, iliyokuwa Jumapili, na 29 Februari 2024, iliyokuwa Alhamisi. Ile Jumapili ikitoa undefined, tafuta mahali ambapo bado unapunguza moja.