Kabla Hujaandika "Anamjibu"

Wiki hii nimesoma mapendekezo matano ya utafiti ya wadogo zetu, na katika matatu kuna mwanafalsafa anayejibu kitabu ambacho hakuwahi kukiona. Mmoja kamfanya Locke ajibu kitabu cha Cudworth kuhusu maadili ya milele yasiyobadilika. Kitabu kilichapishwa 1731. Locke alifariki 1704. Nilipomwambia, akang'aka: si Locke aliishi nyumbani kwa Damaris Masham, binti wa Cudworth? Kweli aliishi. Basi lete ushahidi kwamba aliusoma muswada. Mimi nalala chumba kimoja na juzuu za Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, na nyingine hatujawahi hata kusalimiana.

Nafoka kwa sababu mkosaji wa kwanza namjua vizuri.

1. Uliza kilichapishwa lini, si kiliandikwa lini tu. Sura ya pili ya tasnifu yangu ilikuwa na kurasa 38, na niliipenda kama mtoto. Katika Uhakiki wa pili, kitabu chake cha 1788 kuhusu akili ya kimatendo, Kant anaudhihaki uhuru wa "mtambo wa kiroho" wa Leibniz, Mjerumani aliyemtangulia: hauna tofauti, anasema, na uhuru wa mashine ya kugeuzia nyama motoni. Nami nikaonyesha, hatua kwa hatua, kwamba dhihaka ile inalenga *Discours de métaphysique* ya Leibniz, pale anapodai kwamba dhana kamili ya Kaisari ina ndani yake kila atakalotenda. Ilikaa sawa ajabu. Kazi ile ni ya 1686, Kant ni wa karne iliyofuata, nikaona hesabu imetimia.

Nikaisoma sura kwenye semina. Mzee mmoja aliyekuwa kama amesinzia akauliza kwa upole: "Mwenzetu, Kant aliisoma wapi?" Wallahi nilikuwa na jibu. Nikaeleza, kwa madaha, kwamba Kant alikuwa mkutubi msaidizi kwenye maktaba ya kifalme ya Königsberg kuanzia 1766. Mzee akatikisa kichwa. "*Discours* ilichapishwa mara ya kwanza 1846. Huyo mkutubi ameisoma miaka 42 baada ya kufa." Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwaka huo wa 1846 ulikuwa kwenye utangulizi wa mhariri, ndani ya kitabu nilichokishika mkononi. Utangulizi niliuruka kwa kuwa niliona ni wa wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Kilichoniudhi baadaye ni kwamba jibu sahihi lilikuwa jepesi. Maneno ya mtambo wa kiroho yamo kwenye kitabu chake kingine, *Théodicée*, kilichochapishwa 1710, Leibniz akiwa hai. Na mengi ya Leibniz yalimfikia Kant yakiwa yameshapikwa upya na Wolff na Baumgarten, wanafalsafa wa Kijerumani waliokuja baada yake.

2. Uhakiki wa kwanza wa Kant hunukuliwa kwa kurasa za A na B, yaani toleo la 1781 na la 1787. Namba ya ukurasa wa tafsiri yako ni siri yako na rafu yako.

3. Hume wa *Treatise*, kitabu chake cha ujanani, na Hume wa 1751, alipoandika upya kuhusu maadili, msiwashone kwa uzi mmoja bila kusema mmeshona.

4. Someni Baumgarten. Najua, najua. Kitabu chake *Metaphysica* kina vifungu 1,000 vya Kilatini kikavu, na Kant alikitumia kufundishia miaka nenda miaka rudi, akijaza maelezo yake kwenye nakala yake. Baada ya aibu ile nilijifungia nacho. Mpaka kifungu cha 200 nilikuwa namlaani mzee. Nilipofika kwenye nafsi na uhuru, nikaanza kukutana na istilahi nilizozidhania za Kant mwenyewe, zimejipanga kimya zinanisubiri. Zile kurasa 38 zikabaki tanbihi moja. Siku ya kutetea tasnifu mzee alikuwepo. Akafungua ukurasa wenye tanbihi ile, akavua miwani, akaanza: "Na hicho cha Baumgarten kilichapishwa..." Nikamjibu kabla hajamaliza: 1739.