Uliza Kwanza Lori Linapita Saa Ngapi: Kwa Wanaoanza Kazi ya Usafi Katikati ya Nakuru

Ukishapewa ufagio, koti la riflekta na kipande chako cha barabara, usikimbilie kuuliza kipande kinaanzia wapi na kuishia wapi. Hilo utaonyeshwa. Uliza lori la taka linapita saa ngapi. Wapya wengi hawaulizi. Wanafagia kwa bidii tangu alfajiri, wanaacha malundo mazuri kando ya lami, halafu ikifika saa mbili, matatu zimeyakanyaga, upepo umeyatawanya, mbwa amechukua chake, na msimamizi anapita akiuliza nani alipewa sehemu hii. Lundo ambalo halijazolewa ni uchafu uliohamishwa tu.

Watu huiona kazi hii kuwa ya mkono na mgongo. Ni kweli mgongo utauma, hasa wiki za mwanzo, lakini nimeona watu wenye nguvu wakishindwa na akina mama wembamba wakimaliza mapema kila siku. Tofauti yao ni saa. Kabla ya saa moja asubuhi barabara ni yako: maduka yamefungwa, magari ni machache, na taka za jana ziko palepale zilipoangukia. Baada ya hapo unafagia katikati ya miguu ya watu. Kwa hiyo panga kazi yako ukihesabu kurudi nyuma kutoka saa ya lori. Ukiambiwa litapita saa moja, basi ikifika saa moja kasorobo malundo yawe mahali ambapo lori linaweza kusimama bila kuziba njia, nawe uwe hapo na koleo mkononi. Anza na sehemu iliyo mbali zaidi na pale lori litakaposimama, uje ukisogea. Wala usijenge kilundo kila baada ya hatua kumi, kwa maana wapakiaji hawawezi kushuka kila mara. Malundo machache, kila moja la kujaza wilbaro, na yote mbali na mdomo wa mtaro.

Ujue pia kazi yako inaishia wapi. Kuondoa taka ni jukumu la serikali ya kaunti kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Kabla ya 2013 kazi hiyo ilikuwa ya manispaa, na ndiyo sababu wazee bado watakuita “mtu wa kanjo”, yaani wa baraza la mji, hata koti lako likiwa limeandikwa kaunti. Usikasirike. Wazee haohao watakukumbusha kwamba Nakuru ilikuwa ikisifiwa kuwa mji safi kuliko yote Afrika Mashariki, na watakwambia hivyo wakiwa wamesimama juu ya maganda ya njugu waliyoyatupa wenyewe. Mitaani kwenye nyumba za watu, taka huzolewa na vikundi na kampuni zinazolipwa na wakazi. Katikati ya mji ndiko kwetu. Tatizo ni kwamba asiyetaka kulipia taka za nyumbani huzibeba usiku na kuzitupa kwenye mapipa ya mjini. Ukikuta asubuhi mifuko ya nepi na maganda ya viazi mbele ya benki, usidhani benki ndiyo inayopika. Mwambie msimamizi pipa gani linafurika na siku gani, ili wanaolinda walinde hapo.

Sasa kufagia kwenyewe. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mwepesi kama unga, na miezi ya Januari na Februari unapeperuka ukiutazama tu. Ukifagia kwa kurusha mkono juu, vumbi litapanda, litaingia kwenye maduka ya watu na kwenye mapafu yako, kisha litashuka pale ulipokwisha kufagia. Shika ufagio chini, vuta kwa mivuto mifupi, na ufuate upepo, usipigane nao. Kama kuna maji, nyunyizia kidogo tu, yale ya kutuliza vumbi. Ukimwaga ndoo nzima unatengeneza tope, na tope likikauka hutalitoa kwa ufagio.

Uchafu mwingi hauko katikati ya barabara. Magari huusukuma pembeni, ukajikusanya kwenye ukanda mwembamba kando ya mawe ya ukingo. Hapo vumbi hushikana, nyasi huota, na ukipitisha ufagio juu utaona umesafisha kumbe umelaza nyasi. Kwangua kwanza kwa koleo, ndipo ufagie. Kwenye kabro ni shida nyingine: vichungi vya sigara na vijiti vya mugoka (aina ya miraa) hukwama kwenye nafasi za matofali, na ufagio laini hauvitoi. Beba ufagio mmoja mgumu wa pembeni, hata uliochakaa, kwa ajili hiyo tu. Na ujifunze kusoma taka. Magunzi ya mahindi na makapi ya miwa yana uzito, yanataka koleo. Risiti na karatasi za mkate zinataka haraka kabla upepo haujaamka. Maua ya jakaranda yanapoanguka watu hupiga picha, lakini yakilowa hushika lami kama gundi, kwa hiyo yaondoe yakiwa makavu.

Nije kwenye mtaro, maana hapa ndipo mfagizi anapojulikana ni wa aina gani.

Kila mpya hushawishika kufagilia mtaroni. Mtaro uko karibu, unameza haraka, na barabara inaonekana safi. Wakati wa kiangazi hakuna atakayekugundua. Lakini tazama mji wetu ulivyokaa: juu Menengai, chini ziwa, na sisi katikati. Mvua ikinyesha, maji yanayoteremka kutoka mlimani hupita katika mitaro yetu kuelekea Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia kimeingia. Ndilo ziwa la kwanza la Kenya kuorodheshwa katika mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 1990. Tangu tarehe 5 Juni 2020 mtalii haruhusiwi kuingia kwenye mbuga za taifa na chupa za plastiki za kutumika mara moja. Langoni ataambiwa aiache. Chupa hiyohiyo ukiisukuma mtaroni huku mjini, mvua ya Aprili itaiingiza bila kupita langoni.

Hata kabla ya ziwa, itakusumbua wewe mwenyewe. Mtaro hauzibi popote tu. Huziba pale unapopita chini ya slabu, kwenye kiingilio cha duka au chini ya barabara. Inama uangalie. Kwanza chupa hukwama ikiwa imelala kwa upana. Kisha maganda ya mahindi au nailoni huizunguka. Halafu mchanga wetu huo mwepesi hutulia nyuma yake na kuziba kila tundu, na siku ya mvua maji hupanda yakaingia dukani. Mara nyingi ukiivuta ile chupa ya kwanza kwa ndoano ya waya, maji huanza kutembea yenyewe. Usiingize mkono. Na tope ulilolitoa usiliache ukingoni likusubiri. Mvua ya jioni italirudisha ndani na kazi yako yote pamoja nalo. Liache lichuje maji kwa muda, kisha lipande lori la kesho bila kukosa.

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mitaro imepumua. Tuliokuwa kazini kabla ya hapo tunaikumbuka ile mifuko mieusi myepesi iliyokuwa ikijazana kila mahali. Sasa adui wetu mkubwa ni chupa ya maji na ya soda.

Baada ya mtaro, watu. Wachuuzi ndio majirani zako wa kila siku, na ukiwafanya maadui utafagia barabara moja mara tatu. Askari wa kaunti ana kazi yake ya sheria. Wewe usijifanye askari. Kuna mama aliyekuwa akiuza sukuma wiki na kabichi karibu na kituo cha matatu, na kila siku alimenya kabichi zake saa tatu, lori likiwa limekwenda zamani. Majani ya nje yalibaki kando ya barabara mpaka kesho yake, yakinuka. Kumkaripia hakukusaidia, walikwisha kumkaripia wengi. Siku moja nilisimama kabla hajafungua mzigo.

“Mama, habari ya asubuhi.”

“Nzuri, kijana wangu. Leo mmekuja kunifukuza?”

“Hapana. Lori hupita asubuhi na wewe unamenya baadaye. Ukitia majani kwenye gunia na kulifunga, kesho nitalipakia mwenyewe.”

“Na gunia langu litarudi?”

“Litarudi.”

Siri yote ilikuwa kwenye lile gunia. Gunia ni pesa, na mchuuzi akipoteza mawili hatakusikiliza tena. Wapakiaji walilikung'uta, nikalirudisha, na wiki hiyo jirani zake wawili wakaleta yao. Baadaye akatokea mfugaji wa mbuzi aliyeyataka majani yale, na lori likabaki halina cha kuchukua hapo. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni za kuoza, nzito, zenye maji. Kila gunia lisilopanda lori kwenda jaa la Gioto ni nafasi kwa taka nyingine. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka tutenganishe za kuoza na zisizooza, lakini kwa mama mboga usianze na sheria. Anza na gunia.

Wapo pia wanaokusanya chupa na vyuma. Utawakuta alfajiri wamefungua mifuko kwenye mapipa, taka zimemwagika, na hasira itakupanda. Zungumza nao kwa heshima. Wanaijua saa ya lori kuliko wewe. Patana nao: wachague kabla hujaanza kipande hicho, na wanachokiacha wakirudishe ndani. Wengi hukubali, kwa sababu nao wanataka kurudi kesho bila ugomvi. Usimwite mtu chokora. Huyo anakuondolea plastiki bila mshahara.

Kuhusu mwili wako sitazungusha maneno. Glavu, gambuti, barakoa na riflekta si zawadi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga, nawe inakutaka uvivae. Fagia ukitazama magari yanayokuja, kamwe usiyape mgongo, na zaidi ya yote ogopa bodaboda inayopita upande usio wake alfajiri bila taa. Usibane mfuko wa taka kifuani wala kuukandamiza kwa goti. Vioo na sindano vinakaa ndani. Usichome taka hata zikiwa majani makavu. Pata chanjo ya pepopunda.

Ukidungwa na sindano, acha kazi papo hapo. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue damu, usinyonye kidonda. Mwambie msimamizi, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Humezwa kwa siku 28. Hakikisha ajali imeandikwa, tarehe na mahali, maana bila maandishi ni vigumu kudai haki yako chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kuonekana wazembe. Usiwe mmoja wao.

Utaokota vitu. Vitambulisho, kadi za benki, simu, siku nyingine noti iliyokunjwa ndani ya karatasi ya chapati. Noti ni kati yako na dhamiri yako. Kitambulisho na simu vipeleke kwa msimamizi mbele ya mwenzako, upate shahidi. Simu ya wizi ikikutwa mfukoni mwako, maelezo yako hayatasikilizwa.

Mwisho wa zamu, kabla ya kutia sahihi, toa ripoti. Hapa wengi husema tu “mtaro umeziba kule chini” na kwenda zao. Msimamizi ana mitaro mingi, atapeleka watu wawili na koleo, wakute slabu isiyoinuka, warudi. Sema hivi: mtaro ni ule ulio mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, upande wa sokoni, umeziba chini ya slabu ya pili, maji yamesimama kina cha mkono, slabu ina pete moja tu, nyingine imevunjika, gari la mwenye duka huegeshwa juu yake kuanzia saa mbili. Kwa maneno hayo watakuja watu wanne na mtaimbo, tena saa kumi na mbili.