Wakala wa tiketi: sisi wa Mwanza tunamhitaji zaidi

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kupanda ndege moja tu akashukia Mumbai. Sisi wa Mwanza karibu kila safari ya nje ina ndege mbili au tatu, na pale katikati, unaposhuka hii ili upande ile, ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kwa hiyo jamaa wakiniuliza kama kuna haja ya kumlipa wakala ilhali simu iko mkononi, nami huwauliza: unabadilisha ndege njiani?

Kama unaishia Dar, usijisumbue. Ingia kwenye tovuti ya shirika, lipa kwa simu, umemaliza.

Shida huanza tiketi zikiwa mbili. Wengi hukata Mwanza–Dar kivyake kwa sababu wameona bei nzuri, kisha Dar–nje kivyake kwa shirika jingine. Kwa hesabu ya haraka ni nafuu kweli. Lakini mashirika hayo hayadaiani chochote juu yako. Begi kwa kawaida utalichukua Dar na kulikabidhi upya. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji. Utaandikwa kuwa hukutokea, na mara nyingi hata safari ya kurudi iliyo kwenye tiketi hiyo hufutwa. Na ziwa letu tunalijua: radi na mvua zake hupenda usiku wa manane kuelekea alfajiri, muda mfupi kabla ya ndege za asubuhi. Tiketi ikiwa moja toka Mwanza hadi mwisho, kukutafutia ndege nyingine ni kazi ya shirika.

Hayo utayasoma popote. Faida nyingine ya wakala niliiona tulipokuwa tunampeleka mama mkubwa India kutibiwa moyo. Ofisi ya wakala wetu iko ghorofani mjini, na mama alifika juu anahema. Yule kijana hakuanza na bei.

"Shikamoo mama. Ngazi hizi umezipanda mwenyewe?"

"Marahaba mwanangu. Nimepumzika mara mbili."

Akaandika: kiti cha magurudumu, viwanja vyote. Huduma hiyo hailipiwi, ila huombwa mapema, na sisi hata haikuwa imetujia akilini. Kisha akataka picha ya pasipoti, hakutaka kutajiwa jina kwa mdomo. Alikuwa na sababu: mtaani mama anajulikana kwa jina la marehemu baba mkubwa, kwenye pasipoti kuna la babu. Binamu yangu alishaanza kujaza maombi ya visa ya utalii, wakala akamsimamisha. Mgonjwa huomba visa ya matibabu, na wanaomsindikiza, wasiozidi wawili, wana visa yao. Akatukumbusha pia chanjo ya homa ya manjano, kwamba cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo tusiiache hadi wiki ya safari. (Cheti chenyewe tangu 2016 hakiishi muda, usikubali mtu akwambie ukachanje upya.)

Tiketi ya bei ya chini kabisa ilikuwepo, akatukatalia. Tarehe yake ya kurudi ilikuwa haibadilishwi, na daktari wa moyo hapangiwi tarehe na familia. Tulinung'unika kidogo, tukalipa zaidi. Kule hospitali wakamzuia mama muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Tukamwandikia wakala ujumbe, akasogeza tarehe, tukalipa ada ya mabadiliko basi. Ile nafuu ya mwanzo ingekuwa imeshatugharimu tiketi mpya.

Kuhusu malipo, uliza ada yake kabla hajagusa kompyuta. Kamisheni kutoka kwa mashirika ya ndege imepungua sana miaka hii, kwa hiyo ni haki yake kukutoza, ila aitaje.

Na vishoka wapo, tusidanganyane. Ofisi yao ni namba ya simu, na risiti yao ni picha. Ujanja wao mkubwa ni kukupa ile namba ya herufi sita ya kushika nafasi, ukadhani umeshakata tiketi. Nafasi inaweza kushikwa bila kulipiwa, na muda ukipita inafutika kimya kimya. Dai namba ya tiketi yenyewe, yenye tarakimu 13, kisha ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika uione safari yako. Pesa iingie kwenye akaunti ya kampuni, isiwe kwa jina la mtu.

Kama humjui wakala yeyote, usianzie mtandaoni. Nenda Makoroboi, eneo la biashara hapa mjini, ukawaulize wafanyabiashara wanaofuata mzigo Guangzhou na Dubai tiketi zao wanakata wapi, na mara ya mwisho ndege ilipowaacha, nani alipokea simu.