Kahawia, hudhurungi au kaki?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa Majengo, Dodoma. Mwezi uliopita mteja alinitumia ujumbe kwenye simu: nimshonee gauni nne za wasimamizi wa harusi, rangi "brown". Hakuongeza neno. Nikanunua kitambaa cha rangi ya kahawa iliyokolea, nikakata, nikashona. Alipokuja kuchukua akashika kichwa. Yeye alitaka ile ya kaki yenye mng'ao. Nimebaki na gauni zangu na deni la kitambaa. Naomba unieleze: neno hilo la Kiingereza maana yake hasa ni nini, ndugu zake ni yapi, na Kiswahili chake ni kahawia au hudhurungi? – Fundi wa Majengo

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa hasara. Barua yako imenigusa, maana kwa miaka yote niliyofundisha Kiingereza hapa Dodoma niliandika ubaoni kwamba "brown" ni kahawia, watoto wakanakili, tukaendelea na somo. Nilipaswa kukaa hapo kwa kipindi kizima.

Nianze na Kiswahili. Kahawia ni sahihi, na hudhurungi ni sahihi pia. Ukifungua kamusi utayakuta yote mawili. Hudhurungi nalikuta zaidi vitabuni, sokoni silisikii. Lakini tazama jinsi lugha yetu inavyotaja rangi. Maneno ya asili yanayofuata ngeli ni matatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Unasema kitambaa cheusi, gauni jeupe, udongo mwekundu. Rangi nyingine tumezichukua kwenye vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni ile ya kuungia mchuzi, zambarau ni tunda, na kahawia ni kahawa. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walilinganisha lugha nyingi za dunia wakasema kwamba lugha yenye majina machache ya rangi huanza na nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu. Jina la "brown" huchelewa. Kwa mpangilio wao linakuja baada ya kijani, njano na bluu.

Ndiyo maana bibi yangu kule Mvumi hakuhitaji neno kahawia hata siku moja. Udongo aliokandikia tembe aliuita mwekundu. Ng'ombe aliyempenda kuliko wote alikuwa mwekundu. Mtama wa pombe ulikuwa mwekundu. Mwingereza akisimama uani kwake angeweza kuviita vitu hivyo vyote vitatu "brown", na bibi naye asingekuwa amekosea. Kila lugha imeweka mipaka yake. Sisi wekundu wetu ni mpana, unaingia mbali sana kwenye shamba ambalo Waingereza wamelipa jina jingine.

Sasa neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "brun", na maana yake ilikuwa giza giza, rangi iliyofifia kuelekea weusi. Lakini pia lilitumika kwa mng'ao wa chuma: washairi wao wa zamani waliuita upanga hivyo kwa jinsi makali yake yanavyometameta. Kupitia Kifaransa, mzizi huohuo ukawapa "burnish", yaani kung'arisha chuma. Jina la Bruno limetoka humohumo. Kuna na maana ya huzuni: mtu aliyezama katika mawazo huambiwa yuko kwenye "brown study", na hapo hakuna rangi yoyote wala masomo. Jikoni neno hugeuka kitenzi, kukaanga vitunguu au nyama mpaka vigeuke rangi. Mkate na mchele wa "brown" ni ule ambao ganda la nafaka halijaondolewa lote, kama tunavyotofautisha dona na sembe. Na bahasha wanayoiita ya "brown" sisi tunaiita bahasha ya kaki.

Hapo kwenye kaki ndipo gauni zako zilipopotelea, kwa hiyo nakaa kidogo. Kaki imetoka Kiajemi, "khak", yaani vumbi. Waingereza waliikuta India katika karne ya 19, wakaivalisha jeshi lao. Rangi ya vumbi! Mtu wa Dodoma haelezwi vumbi ni rangi gani. Mwezi wa nane upepo ukivuma analo kwenye kola ya shati. Kwa Mwingereza kaki ni mtoto wa "brown". Kwetu ni rangi inayojitegemea kabisa, ya kaptura za shule na za bahasha. Mteja wako aliwaza kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiingereza.

Ndugu wengine wa neno hilo ni wengi, na karibu kila mmoja ana kitu nyuma yake, sawasawa na majina yetu. "Tan" imetoka kwenye gome la mti lililotumika kulainishia ngozi. "Beige", kutoka Kifaransa, ilikuwa sufu ambayo haijatiwa rangi. "Chestnut" ni kokwa. "Hazel" pia ni kokwa, lakini hilo wanalitumia hasa kwa macho ya mtu, usilitarajie kwenye gora la kitambaa. "Sepia" ni wino wa ngisi. Ninalolipenda zaidi ni "maroon", ambayo kwetu ni damu ya mzee. Limetoka kwenye neno la Kifaransa "marron", na hilo ni ileile kokwa ya "chestnut"! Mfaransa wa leo akisema "marron" anakusudia kahawia. Kwa hiyo usimshangae mteja anayechanganya kahawia na damu ya mzee, lugha zenyewe zilichanganya kabla yake.

Kazini kwako, mwanangu, mteja akisema "brown" muulize neno moja: kama nini? Kama kahawa, kama chokoleti, kama ugoro, kama udongo, kama kaki, kama karanga iliyokaangwa? Maji ya kunde waachie wasifia ngozi za watu. Halafu mkatie kipande cha kitambaa akishike mwenyewe, tena nje, juani. Usimtumie picha tu. Rangi hii haimo katika upinde wa mvua. Kwa macho yetu ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza. Chukua rangi ya maji ya chungwa, ongeza nyeusi kidogo kidogo, utaiona ikizaliwa. Kwa sababu hiyo taa ya dukani, kioo cha simu, hata kitambaa kilicholala pembeni yake, vyote huibadilisha.

Gauni zako nne usizifumue. Rangi ya kahawa iliyokolea inapendeza sana kwenye mwanga wa jioni, na kamati nyingine itazitaka.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu Kondoa. Tulipotembelea michoro ya kale ya miambani ya Kolo mwenzangu alisema ni ya kahawia, mimi nikasema ni nyekundu. Nani kapata? Na je, jina la kabila letu la Warangi lina uhusiano na rangi? – Mwanafunzi, Kondoa

JIBU: Umepata wewe, na mwenzako hajakosa. Michoro hiyo, iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, mingi ilichorwa kwa udongo wenye kutu ya chuma, na udongo huo huenda kuanzia wekundu hadi kahawia iliyoiva. Ukiandika kwa Kiswahili andika nyekundu. Bibi yangu angekuunga mkono. Kuhusu jina, hapana. Neno rangi tumelipata kwa Waajemi, wao husema "rang". Ninyi wenyewe mnajiita Valaangi na lugha yenu Kilaangi. Mwulize babu yako alitamke polepole, usikilize ile irabu ndefu.