Kwa intani wapya wa wodi ya wanawake: mimba zabibu haiishii thieta

Wadogo zangu, jana kwenye raundi nilifungua faili la dada wa kitanda cha tisa, aliyesafishwa juzi mimba zabibu, ile ambayo kondo hukua vibaya na kuwa punje punje. Karatasi ya ruhusa ilikuwa tayari: "Amesafishwa, hali nzuri, arudi akiona tatizo." Basi. Hakuna hCG, yaani kipimo cha homoni ya mimba, hakuna tarehe ya kliniki, hakuna namba ya simu. Aliyeandika ni kijana mchapakazi ambaye hakuwa amelala siku mbili, na ninampenda. Ila maneno yale nayafahamu vizuri mno, kwa sababu na mimi niliwahi kuyaandika.

1. Mkojo ukisoma hasi kwenye kipimo cha mimba na mfuko wa uzazi ni mkubwa, msikimbilie kuamini. Homoni ikizidi sana kipimo hushindwa kuiona; uzimueni mkojo kwa maji, mpime tena.

2. Kabla ya thieta: HB (wingi wa damu), grupu na damu ya akiba, eksirei ya kifua, hCG ya damu. Presha ikipanda kabla ya wiki 20, fikirieni zabibu. Mapigo yakienda mbio na vidole vikitetemeka, mwambieni mtu wa usingizi mapema, maana hCG ikiwa nyingi huiamsha tezi ya shingo kana kwamba ni homoni yake. Oksitosini, dawa ya kubana kizazi, isubiri uvutaji wa mimba uanze. Mwenye damu ya Rh hasi asisahauliwe anti-D, sindano ya kulinda mimba zijazo.

3. Hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa intani katika hospitali moja ya mkoa. Akaja mama wa miaka 24, mtoto mmoja, tarehe zinasema wiki 12, tumbo linasema 20. Tukavuta, zikatoka zile punje kama zabibu, damu ikakata. Asubuhi akaniuliza, "Dokta, kuna kitu kimebaki?" Nikamjibu, "Hakuna, mama, umepona." Nikaandika ile karatasi.

Wiki ya tisa akarudi kliniki ya nje. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na sikumtambua. Tumbo la chini linauma, damu inatoka kidogo kidogo. Sikumuuliza mimba yake ya mwisho iliishaje. Nikaandika maambukizi ya nyonga, nikampa antibayotiki, nikaita anayefuata.

Siku ya nne, usiku, akaletwa amelegea. Presha 70 kwa 40, tumbo limejaa, mkojo chanya. Nikasema mimba imetunga nje ya kizazi, na kila mtu akakubali, kwa kuwa picha ilifanana kabisa. Tukafungua. Mirija yote miwili ilikuwa salama. Damu ilikuwa inatoka kwenye fandasi, sehemu ya juu ya kizazi, palipokuwa na uvimbe wa zambarau uliopasuka. Bosi wangu akasimama kidogo, akauliza, "Mimba yake ya mwisho ilikuwaje?" Thieta nzima kimya. Ikabidi sista atoke akamuulize mama mkwe aliyekuwa amekaa korido. Akarudi na kadi ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki. Mwandiko ulikuwa wangu.

Kizazi kiliondolewa, maana damu haikukubali kusimama. Histolojia, yaani kipimo cha nyama, ikaonyesha vilai, vile vijinyuzi vya kondo, zimezama ndani ya msuli: mola vamizi, zabibu inayovamia kizazi. Eksirei ikaonyesha madoa kwenye mapafu. Akapewa rufaa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, akachomwa methotreksati, dawa ya saratani, hCG ikashuka mpaka ikapotea. Yuko hai. Lakini kabla ya kusafiri aliniambia kwa upole, "Kumbe kilikuwa kimebaki." Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Kinachoniuma ni kwamba ugonjwa huu unatibika. Tangu mwaka 1956, huko Marekani, Min Chiu Li na Roy Hertz walionyesha methotreksati ikiponya hata koriokasinoma, saratani ya kondo, iliyokwisha sambaa. Zabibu kamili, isiyo na mtoto, katika kila wanawake 100 waliosafishwa, 15 hadi 20 watahitaji dawa; zabibu nusu, yenye sehemu za mtoto, ni wachache zaidi. Mama yule angepimwa kila wiki, namba ingegoma kushuka, tungempa alama za FIGO, zile za kupima ukali wa ugonjwa, na pengine angeanza sindano akiwa bado na kizazi chake.

4. Mkiona kinundu cha bluu au zambarau ukeni, msikikate hata kidogo kupeleka maabara. Hutoa damu ambayo hamtaiweza.

5. hCG kila wiki hadi majibu matatu mfululizo yawe ya kawaida, halafu kila mwezi. Ikisimama palepale kwa vipimo vinne ndani ya wiki tatu, au ikipanda kwa vipimo vitatu ndani ya wiki mbili, piga simu kwa mkubwa wako. Usimrudishe thieta kukwangua kwa kubahatisha. Uzazi wa mpango aanze mapema, vidonge, sindano au kipandikizi. Kitanzi kisubiri hCG itulie. Asiyeweza kulipia kipimo, mpelekeni ustawi wa jamii siku hiyohiyo, kwa sababu akishapanda basi hamumpati tena. Na mwelezeni yeye pamoja na anayetunza kadi nyumbani. Mara nyingi huyo ni mama mkwe, na ukimweleza vizuri atakumbuka tarehe kuliko wewe. Yule aliyekaa korido usiku ule alikuwa ameitunza kadi wiki zote tisa bila mtu kumwambia ni ya kazi gani.

Dada wa kitanda cha tisa anaruhusiwa leo saa nne. Karatasi ile nimeichana. Andikeni nyingine: hCG ya leo, tarehe ya Jumanne ijayo, namba mbili za simu, na kwa herufi kubwa juu ya kadi, MIMBA ZABIBU. Mama mkwe wake yupo nje kwenye benchi la mbao, mwiteni aingie.