Mkia uko wapi? Maswali yenu kuhusu ndege wawindaji wa uani

Maswali yaliyokuja bila mahali wala mwezi nimeyafuta, isipokuwa moja nililoliacha makusudi.

Nimempiga picha mwewe juu ya nguzo ya umeme, ana kishungi kirefu kinachopeperuka na upepo. Ni mwewe wa aina gani? (Uyole, Mbeya)

Si mwewe. Ni tai wa kishungi, Lophaetus occipitalis, na katika ndege wawindaji wote wa nyanda hizi za juu kusini huyu ndiye asiye na ubishi: mwili wa kahawia iliyokolea hadi kuonekana mweusi, macho ya njano, na akiruka anaonyesha mabaka makubwa meupe kwenye mbawa. Hukaa kwenye nguzo na miti ya kando ya mabonde yenye majimaji, malisho na mashamba ya chai, anasubiri panya. Mweleze jirani yako anayemrushia mawe kwamba chakula cha huyu ndege ni panya, na vingine ni vya kuongezea tu.

Ndege gani huyu?

Swali lote ndilo hilo. Picha ina mawingu, waya mbili na nukta nyeusi. Kila mwezi naandika jambo hilohilo na kila mwezi naletewa nukta, kwa hiyo narudia na safari ijayo sitajibu kabisa. Nataka mkia. Mwewe wetu wa kawaida, Milvus aegyptius, mkia wake una pengo katikati kama uma na anaupindapinda muda wote akiruka. Mdomo ni wa njano kwa mkubwa, lakini kinda ana mdomo mweusi, kwa hiyo mdomo peke yake usiwatoe njiani. Mkia wa duara, mkia mrefu wenye mistari, mkia mfupi mwekundu: hapo tayari tumeshaondoa nusu ya majina. Nataka pia rangi ya macho na miguu ikionekana, mahali, mwezi, saa, na alichokuwa akifanya. Kama kunguru ameingia kwenye picha, usimkate, maana ndiye kipimo changu cha ukubwa. Na tafadhali, picha ije kama ilivyotoka kwenye kamera. Ukishaikoleza rangi ili ipendeze, umenifutia ushahidi.

Programu ya kutambua ndege imeniambia nimempata mwewe wa Marekani mwenye mkia mwekundu, hapa chini ya mlima Loleza. Niitangaze? (Mbeya mjini)

Usiitangaze. Umempata Buteo augur, kipanga wa milimani ambaye wewe na mimi tunamwona karibu kila siku juu ya miteremko hii. Ana mbawa pana, mkia mfupi wa rangi ya kutu, na ni ndugu wa huyo wa Marekani kwa ukoo, ndiyo maana programu imechanganya. Nina hakika hukuiruhusu ijue uko wapi. Ungeiruhusu, isingekupeleka Marekani.

Kwa kuwa umeniuliza pia kuhusu "yule mwingine mweusi" anayekaa naye: ni mke au mume wake. Kipanga huyu ana sura mbili, mmoja mweupe kifuani na tumboni, mwingine mweusi mwili mzima chini, na wanaoana bila shida. Mkia mwekundu wanao wote wawili wakishakua. Kinda hana, mkia wake ni wa kahawia wenye mistari myembamba, na hapo ndipo nusu ya barua zenu za "ndege mpya" zinapozaliwa.

Vifaranga wangu kumi na mmoja wamebaki wanne. Jirani ananishauri niweke utumbo wa kuku wenye sumu juu ya bati. Picha ya mwizi ninayo. (Tukuyu)

Ndaga mama, na pole. Nimeitazama picha. Huyo aliyekaa kwenye mwembe ni kipanga wa milimani, ametulia, mikono mitupu. Umempiga picha kwa kuwa alikubali kupigwa picha. Kuku wadogo anaweza kuchukua akipata nafasi, sikatai, lakini kazi yake hasa ni panya, fuko, mijusi na nyoka. Unaniambia pia kwamba watatu walipotea usiku. Usiku kipanga amelala, mwewe amelala. Wa usiku mtafute chini: kanu, kimburu, hata paka wa jirani huyohuyo mwenye ushauri. Mchana kuna nguchiro, na kuna kunguru, ambaye hula vifaranga na mayai na hakuna anayemshtaki.

Ndege wanaowafuata kuku kweli wapo. Mwewe hushuka wazi, unamwona, anapiga na kupanda. Vipanga wa msituni ni wengine: wana mbawa fupi na mkia mrefu, wanatoka kwenye miti kwa kasi, wanapita chinichini, na kelele za mama kuku unazisikia wameshaondoka. Mmoja wao, mkubwa, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, amezoea kabisa kujenga kiota kwenye milingoti (mikaratusi) tuliyopanda wenyewe.

Sasa hiyo sumu. Ukiiweka juu ya bati huchagui nani ale. Atakula mwewe, atakula kunguru, kipande kitaanguka uani, atakula mbwa, na mtoto atakiokota. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu, na jirani yako hatakuwepo siku ya kuulizwa. Fanya alichofanya bibi yako: funika vifaranga kwa tenga au banda la wavu mpaka wapate manyoya na mbio, wiki sita hivi, wape chakula karibu na kichaka au chini ya migomba, si katikati ya uwanja. Banda lifungwe kabla ya giza.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niwaguse na wakulima wa viazi wa Uporoto, Makete na Njombe. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Panya hutembea siku kadhaa akiwa mzito, anatoka mchana, anakamatwa kirahisi, na anayemkamata ni bundi, kipanga au paka wako. Sumu inahama tumbo. Unaua wawindaji wachache, panya wanaozaa kila baada ya wiki chache wanarudi, na msimu ujao unanunua sumu zaidi. Simika miti mikavu mirefu katikati ya shamba wapate pa kukaa. Haigharimu kitu.

Kuwapaka vifaranga rangi kunasaidia? (Mbalizi)

Mwewe anaona rangi kukushinda.

Nina simu tu. Nisubiri hadi ninunue kamera? (Njombe)

Kamwene. Usisubiri, lakini acha kuvuta picha hadi mwisho, maana simu ikishapita uwezo wa lenzi yake inakutengenezea ndege wa kubuni. Tafuta darubini, hata iliyotumika, uiegemeze kwenye nguzo ya uzio, weka lenzi ya simu kwenye kioo cha kuchungulia na upige. Kwa ndege aliyekaa inatosha kabisa kumtambua. Ukipata kamera, lenzi ya milimita 300 ndiyo ya kuanzia. Kwa anayeruka, kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde, piga mfululizo, na ongeza mwanga hatua moja kwa sababu anga jeupe hugeuza kila ndege kuwa mweusi. Wengi wa "vipanga weusi" mnaoniletea ni kosa hilo tu. Msubiri akate kona, hapo mkia hufunguka. Juni na Julai anga letu ni safi na jua la asubuhi liko chini, linamulika hadi chini ya bawa. Septemba kuna moshi. Najua moto wa mashamba huwaita mwewe wengi wanaofukuzia panzi, na najua kuna watu wanaofurahia picha hizo. Kuchoma nyasi ili upate picha ni uhalifu, sina neno laini.

Bundi analia juu ya dari kila usiku. Nataka kumpiga picha kabla mume wangu hajamuua. (Kihesa, Iringa)

Mpige, kisha mwonyeshe mumeo. Kwa maelezo yako ya uso mweupe wenye umbo la moyo na sauti ya kukwaruza, ni bundi wa majumbani, Tyto alba. Chini ya anapolala kuna vidonge vyeusi vikavu, alivyotapika. Vunja kimoja kwa kijiti mbele ya mumeo mhesabu mafuvu ya panya. Hawezi kuwala panya wote hao wa stoo yako na bado mkamwita mchawi. Usimmulike kwa taa ya kamera usoni. Subiri jioni anapotoka, mwanga bado upo kidogo.

Naweza kurusha droni nione kiota kwenye milingoti? (Mafinga)

Hapana. Mama ataacha mayai yapoe, au ataishambulia droni na kuvunjika bawa. Droni yenyewe inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hujasema kama unacho. Mwenye shamba akija kuvuna, mwombe mti huo mmoja usubiri makinda yaruke.

Ndege mkubwa wa kijivu, uso mtupu wa njano, ananing'inia kwenye viota vya minana. Kesho yake uso ni mwekundu. Ni wawili? (Rungwe)

Ni mmoja, Polyboroides typus. Uso hubadilika rangi akisisimka. Miguu yake hupinda hata kinyume, ndiyo maana anaingiza mguu kiotani na kuchomoa makinda. Nitumie picha zote mbili, tafadhali, na si kwa kuzibana.

Desemba, kundi la vipanga vidogo kwenye waya, mvua ikikaribia. Walikuwa zaidi ya mia. (Makete)

Nakuonea wivu. Kozi wa Amur, Falco amurensis. Wanazaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, wanapitia India, wanavuka Bahari ya Hindi, na hapa wanawahi kumbikumbi wakiwa njiani kwenda kusini. Miguu ya rangi ya chungwa, dume wa kijivu mwenye mapaja mekundu na weupe chini ya bawa, jike ana madoadoa tumboni. Uzito wake haufiki robo kilo. Wanarudi kuelekea kaskazini mwezi wa nne hivi, basi uwe tayari.

Nimeokota kinda, nimfuge? (Mafinga tena)

Mrudishe juu ya tawi la karibu na uondoke, wazazi wako hapo. Kumfuga bila kibali ni kosa.

Matema, wavuvi wanamrushia samaki tai wa ziwani ili watalii wapate picha. Na mimi nilipe? (Kyela)

Lipa mtumbwi, usilipe samaki. Ili samaki aelee, wengine humchomeka kipande cha povu la plastiki, na tai humeza vyote. Kaa ufukweni alfajiri, kabla injini hazijaanza. Anavua mwenyewe, na anatangulia kuita kwa sauti, kwa hiyo utakuwa na muda wa kuinua kamera.