Maswali na Majibu: Televisheni ya OLED au Monita Pana kwa Michezo?

Wasomaji kadhaa wameuliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu mwenye fedha za skrini moja tu, anayetaka kucheza michezo ya kompyuta au ya konsoli, anunue televisheni ya OLED (skrini ambayo kila nukta yake hujitolea mwanga) au monita pana ya uwiano wa 21:9, yaani upana wa 21 kwa kimo cha 9? Nimeanza na swali ambalo jibu lake huwaondolea wengi shaka mapema, kwa sababu linahusu mashine itakayopeleka picha kwenye skrini, na hilo ndilo watu husahau kuuliza dukani.

Ndugu mwandishi, nina PlayStation 5. Katika duka moja la Kampala nimeonyeshwa monita pana ya inchi 34, na muuzaji anasema kwamba nikicheza mpira nitauona uwanja wote. Je, ni kweli? (Msomaji wa Jinja)

Si kweli, ndugu yangu. PlayStation 5 hutoa picha ya uwiano wa 16:9 peke yake, na Xbox Series X ni vivyo hivyo. Hakuna mpangilio wowote ndani ya menyu zake utakaoupanua uwanja hadi 21:9. Monita ya inchi 34 yenye pikseli (nukta zinazounda picha) 3440 kwa 1440 itaiweka picha yako katikati, kwenye upana wa pikseli 2560, kisha itaacha mistari miwili myeusi ya pikseli 440 kila upande. Robo ya skrini uliyoilipia itakaa giza, nawe utakuwa unacheza kwenye eneo linalokaribia monita ya kawaida ya inchi 27. Zipo monita zinazoweza kuivuta picha ijaze upana wote, lakini hapo wachezaji watanenepa na mpira utakuwa yai.

Kwa mwenye konsoli, televisheni ndiyo inayofaa, na ya OLED ni bora kuliko zote ikiwa mfuko unaruhusu. Konsoli hizo mbili, zilizotoka Novemba 2020, zina HDMI 2.1, yaani toleo la 2.1 la tundu la kupitishia picha, hivyo zinaweza kupeleka picha ya 4K (yenye pikseli zaidi ya milioni 8) mara 120 kwa sekunde pale mchezo wenyewe unapokubali. Televisheni inayokubali kasi ya picha inayobadilika hufuata mwendo wa mchezo badala ya kuikata picha vipande. PlayStation 5 ilipewa uwezo huo Aprili 2022. Kwa hiyo kagua kama televisheni ina HDMI 2.1, kisha ukifika nyumbani uiweke kwenye hali ya michezo. Watu wengi huiacha kwenye hali ya sinema, halafu wanalalamika kwamba kitufe kinachelewa kuitika, kumbe televisheni inatumia muda huo kuipamba picha.

Mimi nina kompyuta yenye kadi ya michoro ya GTX 1660. Rafiki yangu ananishauri nichukue OLED ya inchi 48. Nimsikilize? (Msomaji wa Mbarara)

Usimsikilize, angalau kwa kadi hiyo. Skrini ya 4K ina pikseli zaidi ya milioni 8.2, ilhali monita pana ya 3440 kwa 1440 ina pikseli kama milioni 4.95, na kila pikseli lazima ichorwe upya na kadi yako kwa kila picha. Kadi ya daraja lako itatokwa jasho hata kwenye hiyo ndogo ukicheza michezo mipya. Pili, kadi yako ina HDMI 2.0, ambayo kwa 4K huishia picha 60 kwa sekunde, na televisheni kwa kawaida hazina DisplayPort, tundu jingine la kupitishia picha, ambalo lingekusaidia. Kadi za Nvidia zenye HDMI 2.1 zilianza na familia ya RTX 30 mwaka 2020, na za AMD na familia ya RX 6000 mwaka huo huo. Monita pana itaunganishwa na DisplayPort uliyo nayo, na haitakudai kadi mpya mara moja.

Faida ya upana huo huonekana hasa katika michezo ya magari, ya ndege na ya kupanga majeshi, ambako jicho linapata mengi pembeni. Hata hivyo si kila mchezo unaukubali: Elden Ring, kama ilivyotoka kiwandani, hubaki kwenye 16:9, na Valorant haimpi mwenye skrini pana nafasi ya kuona zaidi ya mwenzake. Kabla ya kulipa, andika michezo mitano unayoicheza kweli, uitafute mmoja mmoja ujue kama inajaza skrini ya 21:9.

Mwandishi, mimi ni karani hapa Busia. Mchana ninafanya kazi ya hesabu kwenye kompyuta, usiku ninacheza. Nimesikia OLED huungua alama. Ni hadithi tu au ni jambo la kweli? (Msomaji wa Busia)

Ni la kweli, ingawa dukani hutajwa kwa sauti ndogo. Katika OLED kila pikseli hujitolea mwanga wake, na ndiyo maana nyeusi yake ni nyeusi kabisa: pikseli huzimwa. Lakini kinachotoa mwanga huchakaa kadiri kinavyotumika, na pikseli zinazowaka muda mrefu mahali pamoja huchakaa kuliko jirani zake. Siku moja unafungua picha ya rangi moja na kuona kivuli cha mstari wa chini wa Windows, au cha mistari ya jedwali lako la hesabu. Hakifutiki.

Mtu anayecheza michezo mbalimbali kwa muda wa saa mbili kila jioni hana sababu kubwa ya kuhofu. Wewe uko upande wa pili: saa nane za jedwali lisilosogea, kila siku ya kazi, ndiyo matumizi mabaya kuliko yote kwa skrini ya aina hii. Kuna na kero nyingine ndogo, nayo ni kwamba OLED hupunguza mwanga wake ukurasa mweupe unapojaza skrini nzima, na ukurasa mweupe ndio ofisi yako. Tena pikseli za OLED nyingi hazikupangwa kama za monita za kawaida, hivyo herufi ndogo huweza kuonekana na rangi kwenye kingo zake.

Kwako ningechagua monita pana isiyo OLED, yaani ya LCD, ambayo mwanga wake hutoka kwenye taa iliyo nyuma ya skrini. Zile za aina ya IPS zina rangi nzuri na herufi safi, ila nyeusi yake huelekea kijivu chumba kikiwa na giza. Zile za VA zina nyeusi iliyo nzito zaidi, lakini baadhi yake huacha mkia wa kivuli nyuma ya vitu vinavyokwenda kasi gizani. Mtu wa hesabu na majedwali atapenda IPS. Usivutwe na monita pana ya inchi 45 yenye pikseli zile zile 3440 kwa 1440, kwa sababu zikitandazwa kwenye eneo kubwa hivyo, herufi hupoteza ukali.

Nikumbushe pia kwamba zipo monita pana ambazo zenyewe ni OLED, kama Alienware AW3423DW ya mwaka 2022, inayoonyesha picha hadi mara 175 kwa sekunde. Hizo ni tamu kwa michezo, lakini yote niliyosema kuhusu alama yanazihusu.

Kwetu Arua umeme hukatika mara kwa mara, na nyumba yetu ina desturi ya kuzima kila kitu ukutani usiku. Ipi itavumilia? (Msomaji wa Arua)

Swali hili ningetamani kila mnunuzi alifikirie. Televisheni za OLED zina kazi za usafi ambazo huzifanya zikiwa zimezimwa kwa rimoti lakini bado zina umeme. Kwenye televisheni nyingi za LG, baada ya saa nne za matumizi kwa jumla, kifaa hujipima na kusawazisha pikseli mara tu unapokizima, kwa dakika chache. Ukikata umeme ukutani papo hapo, kazi hiyo haifanyiki, na ukiendelea hivyo kwa miezi, kinga iliyowekwa dhidi ya alama inakuwa haipo. Desturi ya nyumbani kwenu ni nzuri kwa usalama, basi ibadilisheni kidogo: zima kwa rimoti, iache ipumzike kama robo saa, kisha ndipo uzime ukutani.

Umeme kukatika peke yake si adui mkubwa. Adui ni ule unaorudi kwa kishindo. Weka kifaa cha kulinda televisheni, kile kinachosubiri umeme utulie kabla ya kuupitisha, na kwa mwenye kompyuta UPS (betri ya akiba) ni lazima, maana hiyo ndiyo itakayokupa muda wa kuhifadhi mchezo na kazi. Monita pana ya LCD kwa kawaida haili umeme mwingi, kwa hiyo UPS ndogo huibeba pamoja na kompyuta kwa dakika za kutosha kuzima vizuri. Kuhusu Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, hesabu ni rahisi: kifaa cha wati 100 kikiwaka kwa muda wa saa 5 kinakula nusu yuniti. Ulaji wa OLED hupanda na kushuka kufuata mwanga wa picha, lakini kompyuta yenye kadi kubwa ya michoro itakula zaidi ya skrini yoyote kati ya hizi.

Kijana wangu anataka monita pana, lakini sebuleni hatuna televisheni nzuri. Je, monita hiyo inaweza kututosha sote? (Mama, Gulu)

Hapana, mama. Dekoda itaunganishwa kwa HDMI, ila mpira na habari vitakuwa na mistari myeusi pembeni, spika za monita ni hafifu pale zinapokuwepo, na inchi 34 za aina hiyo zina kimo cha televisheni ya inchi 27. Nunueni televisheni, kijana achezee hapo. Na kama sebuleni kwenu kituo kimoja cha habari huwaka tangu asubuhi hadi usiku, na nembo yake na utepe wa chini havisogei, basi chukueni televisheni ya LED ya kawaida badala ya OLED.

Nimepata OLED iliyotumika kwa bei nafuu. Niikague vipi? (Msomaji wa Kampala)

Nenda na flashi yenye picha tano zilizojaa rangi moja moja: nyekundu, kijani, buluu, kijivu na nyeupe. Ziweke moja baada ya nyingine kwenye chumba chenye giza kiasi, utazame pembe za juu zinakokaa nembo na sehemu ya chini unakopita utepe wa habari. Nyekundu na kijivu ndizo hufichua mengi. Kisha ingia kwenye mipangilio utafute jumla ya saa za matumizi, jaribu kila tundu la HDMI, na ikiwezekana beba konsoli yako uhakikishe kwamba picha 120 kwa sekunde zinapita. Muuzaji akisema kivuli ulichokiona kitaondoka chenyewe, mwombe aendeshe usafi wa pikseli mbele yako, na usitoe pesa mpaka umalizike na uangalie zile picha tano tena.